Kamba Alizozisokota kwa Udhu

Bibi wa kamba hakuwa akiitikia salamu mpaka amalize alichoshika. Ulimpigia shikamoo yeye ameketi kwenye jamvi, miguu ameinyoosha, nyuzi za makumbi ya nazi zinapita kati ya viganja vyake, na shikamoo yako ikabaki hewani. Wageni waliudhika na wengine walikwenda zao wakinuna. Sisi wa mtaani tulisimama tukangoja. Alipofika mwisho wa kipande chake alifunga kifundo, akainua macho, akasema marahaba, mwanangu, umekula? Habari za nyumbani zilikuja baadaye, baada ya kujua tumbo lako likoje.

Nimekaa nyuma ya nyumba yake miaka tisa, pale Mlingotini, ua wangu na ua wake vikitenganishwa na makuti tu. Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, hayo wenyewe wanayo na watayasema. Mimi ninayo niliyoyaona kwa kuchungulia, kwa kukaa naye, na mwishoni kwa kumkosea. La mwisho ndilo linaloniandikisha haya, na nisijifanye ni jingine.

Kazi yake ilianzia kwenye tope. Maji yakipwa aliingia mikokoni na jembe, akachimba shimo, akayapanga makumbi, akayafunika kwa tope na mawe, akachomeka kijiti chake, akaondoka. Yalikaa humo miezi sita, saba, pengine zaidi. Wanawake wa kazi ile kila mmoja anayajua mashimo yake, na hakuna anayegusa la mwenzake hata kama kijiti kimechukuliwa na maji. Akiyafukua, harufu yake ni ya mayai viza. Aliyaponda kwa rungu juu ya gogo mpaka nyama ikatoka na usumba, zile nyuzi zake, ukabaki, akauosha, akauanika, ukawa rangi ya asali. Siku ya kuponda mimi nilifunga madirisha yote, na yeye aliniona nikiyafunga, akacheka.

Sasa mtu huyohuyo, anayeshinda na tope hadi magotini, sijapata kumwona aliye msafi kumzidi. Alikuwa na ndoo mbili mlangoni, ya miguu na ya udhu, na ole wako uzichanganye. Kata yake ya maji haikuazimwa. Siku moja nilikanyaga jamvi lake na miguu iliyotoka kupita njia ya mbuzi. Alisimama, akalikunja jamvi, akalipeleka nyuma, akalisugua lote, akalitandika tena likiwa bado linachuruzika, kisha akanikaribisha kwa upole kabisa niketi. Nikaketi na gauni likaloa. Hiyo ilikuwa aibu yangu ya kwanza mbele yake, ndogo, na tuliicheka kwa miaka.

Msidhani alikuwa mtakatifu wa kutembea na macho chini. Alikuwa na redio, na alikuwa na timu. Timu ikifungwa alinuna siku mbili, hasokoti, na ukimuuliza anakwambia leo mikono imesusa. Alimtukana mwamuzi wa mpira kwa maneno ambayo mimi, niliyesoma chuo Dar na kukaa bweni, sikuwa nayajua. Kisha adhana ikalia, akazima redio, akanawa, akawa mtu mwingine.

Nailoni aliichukia. Alisema kamba isiyokunywa maji haikushiki, inakudanganya tu. Lakini kamba yake ya kuanikia nguo ilikuwa ya nailoni, ya kijani, imekaza kutoka mpapai hadi nguzo ya jiko. Nilipomwonyesha kwa kidole alinijibu bila haya kwamba aliletewa zawadi, nilitaka afanyeje, aitupe?

Kitu kimoja hakukifanyia mzaha, nacho ni kitanda cha msikitini, kile cha kuoshea maiti. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alikivua kamba za zamani, akazichoma, akakiwamba upya kwa kamba zake mwenyewe. Hakutaka msaada wala asante. Alishika udhu kwanza, na redio siku hiyo haikuwashwa. Kamba za kitanda kile alizisokota nyororo kuliko zote, maji yapite na mgongo usikwaruzwe. Mimi kwa ujinga wangu nikasema maiti haumii. Aliniuliza nani kanituma niseme, kisha akaendelea na kazi. Baadaye, tukinywa uji, alisema kitanda kile ndicho pekee ambacho sote tutakilalia, mwenye nyumba ya ghorofa na mwenye ya makuti, basi na yeye ana zamu yake, na anataka akifika akute kamba yake.

Nimewaeleza kitanda ili mjue nilichokivunja.

Na kifundo nikieleze. Kila msokotaji ana namna yake ya kumaliza ncha. Yake ilizungushwa mara tatu, mkia ukarudishwa ndani usionekane. Kamba yake ungeitupa Lugoba au Ubena, mtu wa Mlingotini akipita angeijua.

Mimi ni fundi wa maji taka. Watu wakiniuliza kazi yangu husema nashughulika na maji, nikanyamaza hapo, na ndipo balaa lote lilipoanzia, kwenye kunyamaza hapo. Kuna shule ya bweni ya wasichana upande wa Zinga ambayo mashimo yake ya vyoo yalikuwa yakifurika kila masika, maji meusi yakashuka hadi kwenye migomba na kisima cha jirani. Nilipewa kazi ya kutengeneza pale kitu kisichohitaji mitambo ya kuagiza nje. Kanuni yake ni nyepesi. Maji machafu ukiyapitisha polepole kwenye tangi lililojaa vitu vya kushikia, vijidudu visivyoonekana vinaota juu ya vitu hivyo kama ukoga unavyoota kwenye meno, na ukoga ule ndio unaokula uchafu. Yanayotoka mwisho hayanuki, na migomba inayanywa. Wenzetu wenye uwezo wanatumia vipande vya plastiki vya kiwandani. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya bibi wa kamba. Usumba hauozi upesi kwenye maji, una vinyweleo, na ulikuwa umejaa upande wa pili wa makuti yangu.

Nilimwendea asubuhi. Nilisimama mpaka akafunga kifundo. Nikamwambia nataka kamba nyingi, nyembamba, za kuning'iniza kwenye tangi la kusafishia maji.

"Maji ya nani?" akauliza.

"Ya shule, bibi. Ya wasichana."

Akaniangalia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimjua na ndoo zake mbili, nikaogopa atakataa, na muda wa kazi ulikuwa umenibana. Sikutamka neno la uongo hata moja, na nimewahi kujiliwaza kwa hilo mara nyingi, upuuzi mtupu. Nilimwacha aone kisima akilini mwake. Nilimwacha awaone wasichana wakichota maji ya kunywa na kuosha nyuso kwa ajili ya swala. Akasema basi kama ni ya watoto wanaosoma atazisokota kwa udhu.

Na alifanya hivyo. Miezi miwili nilimsikia kupitia makuti, ananawa, anarudi, anaketi, redio kimya. Redio kimya siku za mechi, jamani. Mimi nikiwa upande wangu nakunywa chai. Alizisokota zikakaza, laini, hazina unywele uliosimama, kama za kitanda cha msikitini. Alipozikabidhi alizishika kwa mikono miwili. Nilizipakia kwenye bajaji, nikampungia mkono, nikazipeleka kuzining'iniza kwenye maji ya vyoo.

Mwaka mzima tangi lile lilinitesa. Ukoga uliota, ndiyo, lakini uliota juujuu. Ukishafika unene fulani unabanduka wote kwa mkupuo, unakwenda kuziba bomba la kutokea, maji yanafurika upya, na mimi naitwa. Nilibadilisha mwendo wa maji, nikaongeza pampu ya hewa, nikaongeza tangi la pili. Nilisoma kila nilichoweza kusoma. Mtu aliyejua kamba kuliko wote niliowahi kukutana nao alikuwa mita kumi kutoka kitandani kwangu, na sikuweza kumuuliza, kwa sababu kumuuliza kungekuwa kumwambia.

Mwishowe nikazitoa zote nizikague. Nilizileta nyumbani, nikazianika juu ya ukuta wa makuti, pale unapokutana na njia. Hapo sikufikiri kabisa. Nilikuwa nimechoka, nataka zikauke nizipime, basi. Zilikaa siku tatu zikinuka, vifundo vyake vyote vikitazama barabarani.

Wanawake wanaotoka kuchota maji walipita. Wanaotoka pwani walipita. Wakaviona vifundo, wakainusa harufu, na wakaona zimeanikwa kwenye makuti ambayo upande wa pili ni uani kwake. Hadithi ilijitunga yenyewe: bibi wa kamba anapokea kamba zilizotoka chooni, anaziosha, anazianika, anazitumia tena. Na mtu akakumbuka kitanda.

Hakuna aliyemwendea kumuuliza. Huku kwetu tuna adabu nyingi sana. Mkuu wa waosha maiti wa kike, mama mmoja wa makamo, mtu wa haki, siwezi kumsema vibaya, alitoa tu agizo kwamba mwaka huu kitanda kitawambwa nailoni, inakauka upesi. Bibi wa kamba alikwenda kabla ya Ramadhani kama kawaida yake na mzigo wa kamba begani, akakikuta kitanda kimeshawambwa. Nailoni ya bluu. Alirudi na mzigo wake. Nilimwona akipita. Nilimpigia shikamoo na akaniitikia, akauliza kama nimekula.

Ningeweza kulimaliza siku ileile. Ilikuwa ni kutembea hadi kwa mkuu wa waosha, kuketi, na kusema: kamba zile ni zangu, nilizinunua mpya, nilizitia chooni mimi, yeye hakujua, na hata moja haijarudi mkononi mwake. Maneno hayo nimeshayarudia peke yangu mara ngapi sijui, hata dakika moja hayachukui. Lakini kusema yeye hakujua ni kusema mimi nilimficha, na mimi mtaani pale nilikuwa msomi, naitwa kwenye vikao. Nikajiambia maneno ya watu yatapoa. Yalipoa kweli. Nailoni haikutoka.

Aliendelea kusokota, ila kidogo. Wanunuzi wa kamba za vitanda wakapungua bila kuaga. Mpira aliusikiliza kwa sauti ya chini. Sikumsikia tena akimtukana mwamuzi, na kwangu hilo lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu nililisikia kila siku, yaani nilisikia ule ukimya.

Kisha miguu ikamvimba. Alasiri ya Jumatatu moja mjukuu wake wa kike, anayekaa naye, aliniambia bibi ananiita. Nilinawa miguu mlangoni, kwenye ndoo ya miguu, nikaingia. Alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha kamba, mto umeinuliwa. Nikasema shikamoo, na marahaba ikaja hapohapo, kabla sijafunga mdomo. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, haina kitu. Miaka tisa sikuwahi kuitikiwa upesi vile, na nilitamani anicheleweshe.

Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Kamba zangu uliziweka wapi?"

Alijua. Mtaa mzima ulijua zimekaa wapi, isipokuwa walikosea jinsi zilivyofika. Alitaka kulisikia kwangu. Nikasema. Nilisema yote, choo, shule, kunyamaza kwangu siku ile, kuanika kwangu, na kitanda. Nililia pia, na hilo nalo lilinitia haya, kwa sababu ilibidi yeye mgonjwa anyooshe mkono anipe kanga nijifute.

Nilitegemea ataje najisi, nilitegemea ataje udhu, nilitegemea anihesabie miezi miwili ya redio kimya. Akauliza zilifanya kazi?

Nikamwambia hapana. Nikamweleza ukoga unavyobanduka.

"Si zimekaza," akasema. "Uliniambia maji, nikakusokotea za maji safi. Ungeniambia ni za uchafu ningekusokotea legevu, zenye nywele, uchafu upate pa kukaa. Kazi ni kazi, mwanangu. Mavi nani hana?"

Akamtuma mjukuu alete usumba. Alisokota pale kitandani, akiwa amelala, kipande kama cha urefu wa mkono. Ilikuwa kamba mbaya kutazama, imevimba, nywele zimesimama kila upande, mtu wa sokoni angemrudishia. Alipofika mwisho aliikata ncha kwa meno, akaiacha hivyohivyo, inafumuka.

Nikamwambia hujafunga kifundo, bibi.

"Hizi za kwako zisifungwe," akasema. "Wasijue ni za nani."

Kisha akaniomba jambo moja, na ndilo pekee aliloniomba katika miaka yote. Wanawake hukutana Ijumaa nyumbani kwa mkuu wa waosha, wakasoma, wakanywa kahawa. Niende nikaseme mbele yao, yeye angali hai, ili kitanda kirudi. Hakusema zamu yake imekaribia. Alisema tu, "Nailoni inakwaruza." Nikamwambia Ijumaa hii, bibi, Inshallah. Akasema kwake Inshallah si neno la kuahirishia.

Ijumaa ile niliitwa Dar, kuwaonyesha wakubwa fulani mradi wa tangi. Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilisimama mbele ya watu nikaeleza usumba, nikaeleza ulegevu wa msokoto na kwa nini ukoga unashika ndani badala ya juujuu, elimu niliyokuwa nayo tangu Jumatatu. Nilikuwa nimepiga picha ya mikono yake zamani, ikatokea ukutani kubwa, mikono tu. Mmoja akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya wanawake wa pwani. Wakapiga makofi. Njiani nikirudi nilijiambia Ijumaa ijayo, bila kukosa.

Alifariki Jumatano.

Tangi sasa linafanya kazi, niliseme na hilo. Nilitafuta msokotaji mwingine, nikamwambia wazi ni za chooni, akacheka akasokota. Nilimpa kile kipande akiige. Maji yanatoka meupe, migomba imenenepa, wageni wanakuja kupiga picha.

Nirudi kwenye msiba wake, nilikwenda asubuhi. Mkuu wa waosha alinikuta uani, akaniuliza kama nimetahirika, akaniambia niingie nikashike maji, mikono ilikuwa haitoshi. Sikustahili na niliingia. Walikuwa wameshamlaza, shuka juu yake, na chini yake nailoni ya bluu, imekaza, inang'aa. Mmoja alimgeuza ubavu kwa taratibu ili tuoshe mgongo, na kwenye ngozi ya mgongo ile kamba ilikuwa imeacha mistari.

Nikasema pale. Kata ikiwa mkononi, nikasema zile kamba nilizitia chooni mimi, yeye hakujua, nilimficha, hakuna hata moja iliyorudi kwake, na alinituma nije niseme Ijumaa na sikuja. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko inavyofaa mahali pale. Wanawake waliacha mikono yao ilipokuwa. Mkuu wa waosha alinitazama juu ya shuka, muda mrefu, na niliona uso wake ukibadilika, kwa sababu agizo la nailoni lilikuwa lake. Sasa tulikuwa wawili.

Hakunikaripia. Alikunja kanga yake, kanga aliyoivaa mwenyewe, akaiingiza taratibu kati ya mgongo na kamba. Macho yake hayakuniangalia tena.

"Mwaga maji," akasema. "Polepole."